Je, Moyo Mwema Watosha?



Mwalimu kijana akitangaza kijijini kwamba ataacha darasa lake kwa miaka kadhaa aende kusoma chuo kikuu, watu humwuliza kwanza: wasomea nini? Akijibu kwamba asomea uganga, wote hufurahi. Akijibu sheria, wazee hutikisa kichwa, lakini hunyamaza, kwa kuwa watapata mtu wa kuwasemea mbele ya serikali. Lakini akisema, "Nakwenda kujifunza namna ya kuwafundisha watoto wasiosikia, na wasioona, na wale ambao akili yao huenda polepole," hapo maneno huwa mengi. Mmoja husema: "Mwanetu, kwa watoto hao wahitaji shahada ya nini? Uwe na moyo mwema tu, yatosha." Mwingine husema: "Darasani mwako mna watoto 60 wenye macho na masikio. Wawaacha hao wote kwa ajili ya mmoja au wawili?"

Maneno hayo mawili hayafanani. La kwanza lasema kwamba palipo na upendo elimu si lazima. La pili lasema kwamba haki yataka tuwatazame wengi kwanza. Hayo si maneno ya wapumbavu. Wenye kuyasema mara nyingi ni watu wenye huruma, tena wenye akili. Basi tuyapime moja moja, kwa maana kijana yule angoja jibu, na mtoto angoja zaidi yake.

Tuanze na moyo mwema. Katika Kiswahili chetu neno "kusikia" lina maana mbili: kupata sauti kwa masikio, na kutii. Mama humsema mtoto mkaidi, "Mtoto huyu hasikii," wala hafikiri masikio yake hata kidogo. Sasa tazameni mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo alipokuwa na miaka minne. Alipona, watu wakashukuru, lakini masikio yake yalikuwa yamekufa, na nyumbani hakuna aliyejua. Aitwa, haitiki. Atumwa maji, aleta kuni. Watu wasema, "Hasikii," nao wasema kweli bila kujua wanalolisema. Mtoto apigwa kwa ajili ya maana ya pili, naye ateseka kwa maana ya kwanza.

Je, baba anayempiga hana moyo mwema? Anao. Ataka mwanawe awe mtu, ajue kazi, aheshimu wakubwa. Fimbo ile yatoka katika upendo, na kila siku yamwumiza mtoto asiye na kosa. Nasema hivi ili tusidanganyike kwa kufikiri kwamba anayewatesa watoto hao ni mtu mbaya, na kwamba tukiwa wema mambo yatakwisha. Upendo usiojua huweza kumpiga asiyestahili, kisha ukalala usingizi mzuri.

Tena kuna moyo mwema wa namna nyingine, nao waonekana sana katika jamaa zetu. Wazazi wakiisha kujua kwamba mtoto haoni au hasikii, humhurumia. Hawamtumi tena, hawamfundishi kulima wala kusuka, hawampeleki shuleni. Hupewa chakula chake, huketi mlangoni, na watu wapitao humwambia pole. Akifika miaka 20 hajui kazi hata moja. Huruma imemlisha, nayo imemfanya mzigo, ijapokuwa angeweza kuwa msaada. Mimi naona huruma ya namna hiyo ni ngumu kuponya kuliko fimbo, kwa sababu mwenye kupiga huweza kuona aibu siku moja, lakini mwenye kuhurumia haoni sababu ya kubadilika.

Basi chukueni jambo dogo tu mpate kuona kwamba kuna mambo ambayo moyo hauwezi kuyavumbua peke yake. Asiyeona husoma kwa vidole. Herufi zake ni nukta zilizoinuka juu ya karatasi ngumu, na kila herufi hupata nafasi yake kati ya nukta sita. Aliyeziweka ni Louis Braille, Mfaransa, mwana wa fundi wa ngozi wa kijiji cha Coupvray, aliyejichoma jicho kwa chombo cha baba yake akiwa na miaka 3. Ugonjwa ukaingia hata katika jicho la pili. Alipokuwa na miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kuupanga mwandiko huo. Sasa sikieni namna unavyoandikwa kwa mkono. Mwandikaji hubana karatasi katika kibao chenye matundu, na kwa msumari mdogo hutoboa nukta kutoka upande wa nyuma. Kwa hiyo huandika kutoka kuume kwenda kushoto, na kila herufi huigeuza. Akiisha hupindua karatasi, ndipo vidole husoma kutoka kushoto kwenda kuume kama macho yetu yasomavyo. Mwalimu asiyefundishwa, hata akiwa mwema namna gani, atamfundishaje mtoto kitu hicho? Atamshika mkono, atamsifu, atamwombea, na mtoto hatajua kusoma.

Twasema mithali kwamba kipendacho moyo ni dawa. Ni mithali nzuri kwa mgeni aliyeletewa chakula asichokizoea. Lakini mgonjwa akiletwa hospitalini hatumtafutii mtu wa kumpenda tu. Twamtafuta aliyesoma dawa, nasi twafurahi sana kama aliyesoma ana upendo pia. Kwa nini basi tudhani kwamba akili ya mtoto ni kazi nyepesi kuliko tumbo lake?

Nisimulie habari za mwanamke mmoja, kwa maana zafaa kuangaliwa kwa utaratibu. Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870. Mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, na siku zile wanawake madaktari nchini mwake walikuwa wachache kabisa. Katika kazi yake aliingia nyumba za wagonjwa wa akili, akawakuta humo watoto waliofungiwa pamoja na wakubwa, kwa kuwa watu walisema hawawezi kufundishwa. Montessori akaona kwamba shida ya watoto wale ni shida ya kufundishwa kuliko shida ya dawa. Akatafuta vitabu vya waliomtangulia, madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin. Akavinakili kwa mkono wake mwenyewe katika lugha ya Kiitalia, neno kwa neno, ili asipite neno lolote bila kulifikiri. Kwa miaka miwili, tangu 1900, aliongoza shule ya watoto hao. Mchana kutwa aliwafundisha, na usiku aliandika aliyoyaona.

Siku moja alimtazama msichana asiyeweza kujifunza kushona. Sindano na uzi vilimshinda kabisa. Montessori hakumkaripia, wala hakusema, "Basi, huyu hawezi." Alimwacha na sindano, akampa karatasi zilizokatwa vipande virefu, asuke kama watu wasukavyo mkeka: kimoja juu, kimoja chini. Msichana akasuka, akapenda. Akiisha kuzoea, akarudishiwa sindano, naye akashona. Mama zetu wasukao mikeka wataelewa upesi: kushona na kusuka vyaenda kwa mwendo mmoja, juu na chini, lakini mkeka wahitaji vidole tu, na sindano yahitaji vidole vilivyokwisha kujua njia. Yule daktari aliona kwamba kazi iliyomshinda mtoto ilikuwa na kazi nyingine ndogo ndani yake, na kwamba ile ndogo yapasa kutangulia. Tangu hapo alifundisha hivyo hata katika kusoma na kuandika. Baadhi ya watoto wale waliodharauliwa walifanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakashinda.

Watu wakastaajabu, wakasifu. Na hapa ndipo napenda zaidi habari za mwanamke huyu. Angeweza kubaki na sifa zake. Alikuwa daktari, jina lake lajulikana, na shule yatoa matunda. Lakini mwaka 1901 aliiacha shule, akarudi chuo kikuu awe mwanafunzi tena, asome falsafa na elimu ya kufundisha, kwa kuwa alijua kwamba kazi aliyoianza yamzidi. Bila shaka wako waliomwona mpumbavu.

Sasa twaweza kulijibu neno la pili, lile la watoto 60 na mmoja.

Katika nyumba zetu baba akigawa chakula, hampi mtoto mchanga tonge la bugali sawa na la kaka yake mkubwa. Mchanga hupewa uji. Je, amependelewa? Hakuna mtu aliye na akili atakayesema hivyo. Haki ni kila mtu kupata kitakachomlisha, na vyakula havilingani kwa kuwa matumbo hayalingani. Mwalimu anayesema, "Mimi nawafundisha wote sawasawa," naye akitazama ubao akinena kwa sauti kubwa, amegawa bugali kwa wote, na mmoja amelala na njaa. Huko kulingana ni kulingana kwa mgawaji, si kwa wenye kula.

Lakini mpingaji aweza kusema: "Vema, uji ni haki ya mchanga. Ila sisi twamtuma mpishi mmoja tu tuliye naye aende miaka mitano kujifunza kupika uji, na wakubwa wakae bila chakula." Neno hilo lina nguvu, nami sitaki kulipita upesi. Tazameni yaliyompata Montessori baadaye. Alipowaona watoto wake wakishinda mtihani, watu wote walistaajabia maendeleo yao. Yeye akastaajabu jambo lingine. Alijiuliza: ikiwa watoto hawa wenye akili nzito wamewafikia wazima kwa sababu wamefundishwa vema, basi wazima wamezuiliwa na nini hata wakafikiwa? Tarehe 6 Januari 1907 akafungua nyumba ya watoto wadogo katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, akatumia kwao yale aliyojifunza kwa wale wa kwanza. Leo njia yake yafuatwa katika shule nyingi duniani, za watoto wa kila namna. Elimu iliyotafutwa kwa ajili ya wachache ikawa chakula cha wengi. Wala si ajabu. Mtoto anayeelewa upesi humfichia mwalimu ubaya wa mafundisho yake, kwa sababu ataelewa hata akifundishwa vibaya. Mtoto mzito hafichi kitu.

Hata hivyo nisiwadanganye. Katika miaka ile mitano, watoto 60 watapata mwalimu mwingine au hawatapata. Pengine wataunganishwa na darasa la jirani, wawe 110 katika chumba kimoja. Hasara hiyo ni ya kweli, na mwenye kuondoka aijue kabla ya kufunga mzigo wake. Kwa hiyo mimi sisemi kwamba kila mwalimu mwenye huruma aende. Aende yule aliyeona watoto hawa kwa macho yake, akajaribu, akafika mwisho wa maarifa yake; tena aende akiwa amekubaliana na wenzake nani atashika darasa. Anayekwenda kwa sababu amechoka na chaki, au kwa sababu mshahara wa mwenye shahada ni mkubwa kidogo, asitumie jina la mtoto kiziwi kama hati ya njia.

Kuna hatari nyingine, nayo haisemwi sana na wale wanaosifu elimu: aliyesoma aweza kuacha kusikiliza. Kwa jambo hili nitawapa habari mbili za watu wenye nia njema.

Karibu na mwaka 1760, padri Mfaransa, Charles-Michel de l'Épée, alikutana mjini Paris na wasichana wawili ndugu, wote viziwi. Padri mwingine alikuwa ameanza kuwafundisha kwa picha, akafa. De l'Épée alihuzunika kuona kwamba wataishi na kufa bila kujua habari za imani, maana mafundisho yote yalipita masikioni. Kwa kuwafundisha, alijifanya kwanza mwanafunzi wao. Akazitazama ishara ambazo wao na viziwi wenzao walikuwa nazo tayari, akajifunza, akaongeza nyingine, akazitumia kufundisha kusoma na kuandika. Shule yake ikapokea maskini bila malipo, na kutoka kwake lugha ya mikono ikaenea katika shule za nchi nyingi.

Mwaka 1880, mwezi wa Septemba, walimu wa viziwi walifanya mkutano mkubwa mjini Milano. Walikuwa wajumbe 164, na kati yao kiziwi mmoja tu. Wakapiga kura, wakaamua kwamba njia iliyo bora ni kumfundisha kiziwi kutamka kwa kinywa na kusoma midomo ya msemaji, na kwamba ishara ziachwe. Baada ya hapo shule nyingi za Ulaya na Marekani ziliwakataza watoto kusema kwa mikono, na walimu viziwi wakapoteza kazi zao. Watoto wengi walikaa miaka na miaka wakijifunza kutoa sauti wasizozisikia, na hesabu na historia zikangoja. Ni mwaka 2010 tu, katika mkutano uliofanyika Vancouver, huko Kanada, maamuzi yale ya Milano yalipokataliwa waziwazi. Miaka 130! Wale wajumbe hawakukosa elimu, wala sidhani kwamba walikosa huruma. Walikosa kuwauliza wenyewe.

Basi shahada haimfanyi mtu mwema, kama moyo mwema usivyomfanya mtu kuwa fundi. Anayekwenda kusoma ajichunge: je, arudi akiwa na masikio makubwa zaidi, au na kinywa kikubwa zaidi?

Yuko mtu aliyeunganisha hayo yote, na kazi yake ilifika mpaka kwetu. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alizaliwa katika jimbo la Alabama mwaka 1925. Mwaka 1936, akiwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimwondolea kusikia, sawa na mtoto wetu wa mfano. Katika nchi yake wakati ule mlango wa shule ulikuwa mwembamba kwa kiziwi, na mwembamba zaidi kwa kiziwi mweusi. Mwaka 1951 aliingia Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Watu wangesema: sasa yatosha, nenda ukafanye kazi. Yeye aliendelea: mwaka 1955 alipata shahada ya pili ya elimu huko Michigan, na mwaka 1956 nyingine huko Seattle. Ndipo mwaka 1957 akaja Ghana, akaanza kufundisha mjini Accra katika vyumba vya kuazima, saa ambazo wenye shule wamekwisha kwenda nyumbani. Kabla ya kufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, na yetu miongoni mwao, iliyoitwa Zaire wakati ule. Hakuwa wa Kanisa letu; alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti. Hilo halituzuii kusema kweli juu yake.

Hesabuni miaka yake: kutoka 1951 mpaka 1957 ni miaka sita. Katika miaka hiyo sita hakuna mtoto hata mmoja wa Afrika aliyefundishwa naye. Kama angalikuja mwaka 1951 na moyo wake tu, naona angalifungua shule moja, pengine ikafa pamoja naye. Alikuja akiwa na maarifa ya kuwafundisha wengine kuwa walimu, na wengi wa walimu hao walikuwa viziwi.

Kwetu leo njia ni ndefu. Kijana mwenye diploma ya sekondari husoma chuo kikuu miaka mitatu kwa shahada ya kwanza, na miaka miwili tena kwa shahada ya pili. Elimu hii maalum yafundishwa pia kwa majirani: Nairobi kuna chuo cha serikali kilichowekwa kwa kazi hiyo tangu 1986, Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, Tanzania kuna chuo cha Patandi karibu na Arusha. Lakini huko Nairobi na Kampala masomo hutolewa kwa Kiingereza, nasi tumesoma kwa Kifaransa. Mwaka wa kwanza waweza kuisha katika kujifunza lugha tu. Na kuna karo, na chumba, na chakula. Ukoo utakaouza mbuzi wake kwa ajili ya mwana anayesomea watoto wa wengine una haki ya kumwuliza kama atarudi. Serikali yetu ilitoa sheria mwaka 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, lakini karatasi haifundishi, yahitaji mtu wa kusimama mbele ya ubao.

Na mtoto, katika miaka hiyo? Hawezi kuwekwa kando mpaka mwalimu arudi na shahada. Wanaobaki wanaweza mambo fulani. Wamwombe muuguzi wa zahanati amtazame masikio. Wapige makofi nyuma yake, wasiwe mbele yake, waone kama atageuka. Wamketishe mbele, mahali ambapo uso wa mwalimu unapata mwanga wa dirisha. Mwalimu aandike kabla ya kusema, na asiseme akiwa amewapa watoto mgongo. Fimbo iwekwe mbali naye kabisa.

Naye anayeondoka, kabla ya siku ya safari, aende nyumbani kwa mtoto huyo akae jioni mbili tatu. Dada zake na wachezaji wenzake wana ishara zao kwa maji, kwa jembe, kwa mvua, kwa bibi aliyekufa, kwa njoo tule, hakuna aliyewafundisha. Azichore zote katika daftari, na pembeni ya kila moja aandike neno lake, kisha atie daftari hilo katika mzigo wake wa chuo kikuu.